Safu ya Maoni

Asubuhi tulikuwa Kalenga, makumbusho,
tukisoma vita kwenye vibao,
pumzi zetu zikitanda ukungu juu ya kioo.
Andikeni tarehe, alisema mhadhiri.
Tukaandika.

Mchana basi la chuo likakwama utelezini, Kilolo.
Tukapanda kwa miguu, viatu vizito kwa udongo mwekundu,
hadi zahanati yenye vyumba viwili na mzani mmoja.

"Kamwene," akasema Nesi Mhongole,
akatukaribisha viazi vya kuchemsha kabla ya maswali.

Luvanda, anayesomea utawala, hakungoja kumeza:
"Sera inasema mjamzito anahudumiwa bure."
"Ni bure," nesi akajibu.
"Mlima ndio unaotoza."

Akafungua daftari la kliniki, kingo zimeliwa na panya.
Jina. Umri. Mimba ya ngapi. Kijiji.
Na safu ya mwisho, Maoni,
ambako kwa kila asiyefika siku yake
ameandika neno moja: mvua.
Machi, mvua.
Machi, mvua.
Aprili amechoka, ameweka alama za kufuatisha,
moja chini ya nyingine,
hadi jina la Tulamwona, miaka kumi na tisa,
ambalo mbele yake
hakuandika kitu.

Sikuuliza.

Usiku, Iringa mjini, wenzangu walipanga ripoti:
Historia. Tiba. Sera.
Vichwa vitatu, wino mweusi, vimepigiwa mstari.
Nikatafuta pa kuuweka mlima.
Viatu vyangu viko mlangoni bado,
na udongo wake.