Vipimo vya Magari Mawili

Mama Mwilambwe, umeniita nikupimie.
Nimekuja na kalamu, tochi na tambara la mafuta.
Mnunuzi wa Likasi atafika saa tisa
na pesa za gari moja. Lipi liende?
Mimi fundi, si hakimu. Nitasoma nilichokikuta.

Hii Peugeot 404, ya mwaka sitini na saba,
rangi yake ilikuwa samli, sasa ni vumbi la Katuba.
Injini ya petroli, lita moja nukta sita,
imelazwa ubavu chini ya boneti
kama mtu anayetega sikio redio ya jirani.
Farasi sabini na wawili siku ilipozaliwa;
leo, kwa hesabu yangu, hamsini wamebaki zizini.
Gia ziko shingoni mwa usukani,
unazivuta kwa vidole viwili, kama pazia.
Ukiikanyaga barabara ya Kipushi
inafika mia kabla hujamaliza kumsengenya mtu mmoja.
Ila breki zake za ngoma,
na mvua ikinyesha ngoma hailii,
unasali kwa mguu.

Na hii Mercedes, mia mbili dizeli,
ya sabini na mbili, nzito kama deni la msiba.
Farasi hamsini na watano, wote wanatembea.
Asubuhi unavuta kifundo, unangoja waya uwe mwekundu;
hapo nusu kikombe cha chai kinanyweka.
Sifuri hadi mia? Mama, leta kiti.
Lakini ina diski nne, inasimama ukiiambia simama,
na tanki moja linakufikisha Kolwezi na kukurudisha.
Kasoro: ekzosi imetoboka mahali pawili.
Inanguruma kama kinu cha mahindi kilichopewa magurudumu.
Bati la kuzibia nimeshalikata.

Kwa karatasi, basi, baki na 404.
Nyepesi kwa kilo mia tatu, spea zake Kamalondo zimejaa,
hata mikono yako itaiweza.
Nikapiga mstari chini ya jibu. Mara mbili.

Hakuitazama karatasi.
Alikuwa akichambua maharage, akauliza,
«Ipi inasikika kutoka mbali?»

Nikadhani anatania.

«Miaka ishirini na minane,» akasema,
«hiyo ya kelele iliniambia anarudi
tangu kona ya parokia.
Hapo naweka sufuria motoni.
Akizima injini, maji yanachemka,
akinawa, bukari imeiva.
Hakuna aliyejua siri yangu, hata yeye.
Alikwenda kaburini akiamini nina miujiza.

Hii ya mbio ilinifumania mara nyingi,
kitambaa hakijafungwa, moto haujawashwa.
Na siku aliyoanguka ofisini
wenzake walimleta na hii.
Sikusikia kitu.
Nilifungua mlango kumwaga maji
nikawakuta wamesimama.»

Maharage yakaendelea kudondoka kwenye beseni,
mabaya pembeni, mazuri ndani.

Mnunuzi alikuja saa tisa na dakika kumi,
akaondoka na farasi wake sabini na wawili,
kimya, vizuri, mpaka kona ya parokia na kupita.

Mimi nilifunga sanduku la spana.
Vile vipande viwili vya bati
bado vimo mfukoni mwa ovaroli,
vinagongana nikitembea.