Ratiba ya Ugalla, kwa Kalamu ya Risasi

Meza yangu ni mlango wa zamani juu ya madebe mawili.
Isevya yote giza, umeme umekatika tangu magharibi,
na mimi, Nyamizi binti Lugusha, dereva na mwenye gari,
nachora Ugalla nyuma ya stakabadhi ya tumbaku ya kaka yangu.

Mteja ni daktari wa meno kutoka Dodoma.
Ametuma ujumbe mara tatu tangu adhuhuri.
Wa kwanza: simba ni saa ngapi?
Wa pili: na chui?
Wa tatu: mke wangu anaogopa mbung'o, tafadhali uwaambie.

Uwaambie!
Kama vile mbung'o wana balozi wa nyumba kumi.

Naandika. Kuamka, saa saba usiku.
Mafuta, tangi lijae na madumu mawili juu,
maana pampu ya mwisho njiani siku inakubali, siku inagoma.
Tairi za akiba mbili. Ya pili ina kiraka cha fundi Mihambo,
aliyeapa kwa jina la mama yake kwamba hakitaachia,
na mama yake namfahamu,
kwa hiyo nabeba na pampu ya mguu.
Nguo: marufuku buluu, marufuku nyeusi.
Kinyesi cha ng'ombe kikavu, nusu ndoo,
cha kufukiza moshi nyuma ya gari.
Hicho daktari atakijua tukishafika.

Saa kumi na mbili na robo, lango.
Askari atakuwa anapiga mswaki,
atauliza habari za Tabora
kama mtu anayemuulizia mgonjwa.

Saa moja, mbuga ya chini, umande ukiwa bado.
Hapo husimama palahala dume,
mweusi kama chungu kilichoshuka jikoni sasa hivi,
pembe zimerudi nyuma
kama mtu aliyeitwa akiwa keshaondoka.
Mwezi wa nane niliwahesabu kumi na wawili.
Mwezi wa tisa, nyayo.

Saa tatu, mto.
Nauita mto kwa heshima tu. Kiangazi hiki umekatika vidimbwi,
viboko wamebanana matopeni mgongo kwa mgongo,
wanagombana kama ndugu wa urithi mmoja.
Wageni hupapenda. Hupiga picha wameziba pua.

Simba.
Niliandika "labda". Nikafuta.
Nikaandika "Mungu akijalia",
nikaona daktari atauliza, kwa asilimia ngapi?

Karatasi imeanza kutoboka hapo.
Koroboi inaangaza kwa chini, maandishi ya upande wa pili yanapenya:
kilo, daraja, makato ya mbolea, makato ya nini sijui,
na jumla, ndogo, imekaa katikati ya mto wangu.
Misimu miwili ya kaka ndiyo magurudumu manne ya gari hili.
Na daktari amesema, akiridhika,
Desemba analeta wenzake wanane.

Ningeweza kumwandikia: simba, saa nne kamili, chini ya mkwaju.
Wapo wanaoandika hivyo.

Nimemtumia huu:
Daktari, jino hukuambia saa litakayoanza kuuma?
Mimi nitakufikisha pale wanapopenda kulala.
Kuamka ni juu yao.

Kimya. Nimechemsha chai, nimeinywa, imekwisha.
Halafu simu ikatetemeka juu ya mlango:
Nimekuelewa kabisa, dada.
Ila chui je?

Nimecheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.
Kalamu nimeibandika sikioni,
nimetoka na tochi kupima oili.
Kwenye boneti, pembeni mwa taa ya kushoto,
bado kuna kiganja cha nyani katika vumbi,
vidole vitano, kidogo kama cha mtoto wa chekechea,
cha safari iliyopita.
Jumamosi niliosha gari lote.
Hapo niliruka.