Kifungu Kilichokuwa na Mke

Nélida Oyarzún hafundishi sheria darasani.
Huifundishia chini ya bawa, upepo wa Patagonia
ukizitikisa kamba tulizofungia ndege kama mbuzi,
kitabu amekikalia kisipeperuke.

"Mkikutana uso kwa uso?"
Kila mmoja ageuke kulia.
"Puto likikatiza mbele yako?"
Nilipishe, halina usukani.
"Na ndege isiyo na injini?"
Niipishe pia, haiwezi kujaribu mara ya pili.
"Umeona? Huko juu mnyonge ndiye mwenye njia.
Huku chini ni kinyume. Usichanganye."

Nikauliza: hizi dakika thelathini za mafuta
tunazobeba tukiomba tusizitumie, za nini?
Akafungua ukurasa, akagusa mstari
kwa ukucha wenye grisi.
"Kifungu hiki," akasema, "kilikuwa na mke.
Alinipikia maharage mara mbili."
Kisha akaenda kufuta kioo ambacho kilikuwa safi.

Alhamisi akaja mjomba Baldomero,
viatu vya harusi mguuni, nusu kondoo begani.
"Kwenda Cochrane ni saa saba za changarawe.
Kwako wewe ni saa moja na kitu.
Mafuta nalipa. Nyama hii ni yako."

Leseni yangu ni ya mwanafunzi, mjomba.
Kiti cha kulia ni cha mwalimu, au cha hewa.
Abiria sibebi, hata awe damu yangu,
na nyama ikiingia, tayari ni biashara.

"Nani atatuona?"
Akainua macho. Kweli, hakukuwa na mtu,
ila wingu moja bapa juu ya mlima.

Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma;
siku ile ulikuta mkono ulionipandisha farasi
nikiwa na miaka minne.
Nikatafuta kifungu cha kumsomea, sikukiona.
Nikamuuliza: nani hukupikia maharage?
Akanitazama kama farasi aliyepata kichaa.
"Mke wangu. Nani mwingine?"
Basi panda gari lako, mjomba.

Alasiri nikaruka peke yangu.
Vumbi lake lilikuwa uzi mrefu kuelekea kusini.
Futi mia tano, si chini ya hapo, hata kwa salamu.
Nikapunga bawa. Gari likasimama, akashuka,
akainua kofia, au ngumi;
kutoka pale vyote ni vidogo.

Kwenye daftari nikaandika: dakika hamsini na tano,
upepo wa magharibi, mafuta ya akiba hayajaguswa.

Nusu kondoo ilining'inia mlangoni mwa banda.
Nélida akaizunguka kama mkaguzi.
"Hii ni nauli?"
Hapana, nikasema. Ni hasira.
"Hasira haijakatazwa popote,"
akasema, akaenda kutafuta kuni.