Kibao cha Kisimba

Mashine hii niliinunua kwa ajili ya mbao:
vichwa vya vitanda, milango ya wenye nacho wa Golf,
maua ya mukula yanayotoka laini kama siagi.
Haikuzaliwa kwa chuma. Hata Chola, mwanafunzi wangu,
alinung'unika Mama Feza alipoweka bamba mezani:
inoksi, milimita tatu, limefungwa kwenye kitenge.

"Kile cha shaba waliking'oa siku ya nne," alisema.
"Nipe kitu wasichokitaka."
Miaka ishirini na sita mumewe aliimwaga shaba,
akaja kulala chini ya shaba,
na wakaiuza kwa kilo
kabla udongo wa kaburi haujashuka.

Basi. Nikapunguza mizunguko
hadi mashine ikanguruma kama mgonjwa anayekataa kuamshwa.
Kina, unene wa karatasi. Si zaidi.
Mafuta tone kwa tone; Chola kashika chupa ya maji
iliyotobolewa kifuniko kwa msumari.

Inoksi ina tabia yake:
ukiibembeleza, inakuwa ngumu.
Kisu kikisita, kikisugua badala ya kung'ata,
papo hapo panakaza,
na safari ya pili hupati njia.
Nina kaka wa namna hiyo. Yuko Kolwezi.
Nilisita mara moja tu.

K ikatoka. I. Chembe ziliruka,
ndogo kama kucha za mtoto mchanga,
rangi ya majani makavu. Hiyo ni sawa.
Zikigeuka buluu, simamisha.
S. I nyingine. Mlio mmoja, mnyoofu.
Katikati ya M umeme ukakatika.

Katuba nzima ikanyamaza, kisha jenereta za wenzetu,
moja, ya pili, ile ya baa.
Kisu kimevunjikia ndani ya M
kama jino ndani ya muhogo.
Mama Feza hakuuliza kitu. Alikalia gunia la maranda,
akahesabu herufi kwa kidole:
nne na nusu.

Umeme ulirudi saa nne usiku.
Sifuri ilikuwa imepotea. Nikaitafuta kwa karatasi,
nikiivuta kati ya chuma na kisu kipya,
nikiivuta, nikishusha,
hadi karatasi ikakataa kutoka.
Pale palipokaza nikaingia bila kupunguza mwendo.
"Usiogope," nilisema. Sijui nilimwambia nani.

Kikapita.
Ila mguu wa pili wa M ulikuwa umehama
unene wa unywele, labda nywele mbili.
Nikataka kulisaga bamba lote, nianze upya.
Mama Feza akaweka kidole pale, kwenye mafuta.
"Acha," akasema. "Hata yeye alichechemea
tangu tanuru lilipommwagikia."

B na A zikatoka upesi.
Akalifunga kwenye kitenge likingali na uvuguvugu.
Bei ya kisu sikuitaja.