Maji Chini ya Dizeli

Wiki tatu za kwanza pale Njoro sikugusa injini.
Fundi Murunga alinipa karai la dizeli chafu
na kilima cha nati. Osha. Panga.
Kisha akazima taa ya karakana:
"Sasa nitafutie ya kumi na tisa. Kwa vidole."

Nikadhani ananichezea.
Wenzangu wa shule walikuwa na beji shingoni,
na viti vinavyozunguka;
mimi kucha zangu zilishika utando mweusi
ambao hata jivu na ndimu havikuutoa.
Baba alikuwa ameuza mtamba kwa karo ile.
Kila nikinunua maziwa ya pakiti
nilimkumbuka, na kwato yake moja nyeupe.

Mwaka wa pili, Oktoba, Mau Narok.
Ngano imekauka hadi inalia kama karatasi,
wingu linapanda kutoka upande wa Molo,
na kombaini imekohoa mara tatu, ikanyamaza
katikati ya ekari mia mbili za mtu.
Fundi yuko Rongai. Nimetumwa peke yangu
na sanduku lake lenye mpini wa waya.

Sikufungua kitu.
Nilisikiliza kwanza jinsi ilivyokataa.
Kifua kilikuwa kizima; koo ndilo lilikuwa na neno.
Nikashusha bilauri ya chujio:
juu dizeli, rangi ya strungi,
chini maji, yametulia,
kama mtu aliyeketi kiti kisicho chake.

Kimosop, dereva, akatazama viatu vyake.
Kimosop aliyenipeleka kwa Fundi,
aliyenilipia nauli ya siku ile.

"Ni nini?" akauliza mwenye shamba.
Tone la mvua likaanguka kwenye boneti, likachemka, likaisha.
"Maji."
"Yameingiaje?"
Nikakaza nati, ya kumi na tisa, bila kuitazama.
Nikatoa hewa kwenye bomba hadi povu likakoma.
Ikawaka. Mngurumo ukalimeza swali,
ila haukulisaga.

Usiku, ngano ikiwa chini ya turubai,
nikamwambia: kesho useme wewe.
Usiposema, nitaandika kwenye kadi ya kazi,
maana pale chini panatiwa sahihi,
na mtihani wangu ni Machi;
kwa sasa sahihi hiyo ndiyo cheti nilicho nacho.

Akaitazama mikono yangu kwa muda.
"Kweli amekufundisha," akasema,
na mpaka leo sijui
kama alinisifu.