Nakala Mia Tatu

Tartu. Hita imezima tena.
Virve anahesabu maboksi, pumzi ikifuka:
nakala mia tatu za riwaya
ya mji uliohamia chini ya barafu
bila kuaga.

Zimeuzwa kumi na tisa. Mbili kanunua mama yake.

Mchapaji anadai, mwenye nyumba anadai.
Heldur, mwandishi, fundi wa lifti,
hadai. Amepiga simu kuuliza
kama ule mwezi wa pili, ukurasa wa tisini,
bado uko angani
au msahihishaji kaufanya Februari.

"Uko," anasema Virve. "Nimeulinda kwa kalamu nyekundu."

Kisha analamba stempu ya kifurushi cha ishirini.
Anwani: kisiwa cha Ruhnu, mtu asiyemjua,
aliyeandika tu: Leteni haraka,
huku kwetu barafu imeanza kuongea.