Kurasa Kumi na Tisa

Kitabu nilikipata Hull, duka la mitumba Barabara ya Beverley,
peni hamsini, kurasa kumi na tisa za mwisho zimenyofolewa.
Raya hakubali kulala: joka lilikufa au halikufa?

Jumatatu nikaliua.
Jumanne mbeba upanga akateleza darajani,
upanga ukazama, vita vikaisha kwa kukosa makali.
Jana malkia alilikataa taji, akaomba chai.

Leo maktaba wamepiga simu: nakala kamili imefika.
Nimevaa koti, nikashika kitasa.
Nje mvua ile ya hapa, hainyeshi wala haikatiki.
Nikavua kiatu kimoja.

"Baba," sauti toka ngazini,
"na kama joka lilikuwa likimlinda mtu?"

Nikavua cha pili.